Kioo, Akriliki na Tangi la Mama Leonia

Wiki iliyopita nilirudi karakana kuchukua kiti changu, maana kile kiti kilikuwa changu na si cha karakana, nikawakuta mnabishana. Mteja wa hapa Lodwar anataka tangi la samaki la kuweka sebuleni. Nusu yenu mnasema kioo, nusu mnasema akriliki. Mliponiona mlinitazama kana kwamba nimekuja na jibu ndani ya kikapu. Nikawaambia nitaandika. Mkacheka, mkidhani ninakwepa. Haya, hili hapa. Lisomeni hadi mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe jibu sikulipata mwanzoni mwa kazi. Nililipata mwishoni, na aliyenipa ni mwanamke ambaye hajawahi kushika kalamu ya kukatia kioo.

Nilianza Kitale, kwa Mzee Barasa, fundi mfupi aliyegombana na redio yake kutwa kama vile mtangazaji anamsikia. Mimi nilikuwa msichana kutoka Vihiga niliyetafuta kazi ya kufagia. Siku ya kwanza aliniambia nihamishe kioo kimoja kutoka ukutani hadi mezani. Nikakibeba kikiwa kimelala juu ya mikono miwili, kama mtu anayewapelekea wageni sinia la chai. Kilikatika katikati kabla sijafika. Nikasimama pale nikingoja kufukuzwa. Mzee Barasa akaizima redio, jambo ambalo nilikuja kujua baadaye kuwa si dogo, akasema, "Binti, kioo husafiri kimesimama. Ukikilaza, kinajilemea chenyewe." Kisha akanipa kioo kingine nikibebe.

Somo la pili lilikuwa la kukata. Unapangusa kioo, unachovya kalamu kwenye mafuta ya taa kidogo, unaweka rula, unavuta mstari mmoja. Mmoja tu. Ukisikia sauti ya kitambaa kinachochanika taratibu, umekata. Ukisikia mikwaruzo, umeharibu, na usijaribu kupita tena hapo hapo. "Kioo unakiambia mara moja," Mzee alikuwa akisema, "si kama watoto wangu." Nilivunja vingi kabla mkono haujatulia. Hakuwahi kunihesabia.

Lodwar nilifika nikimfuata mume wangu, mwalimu, aliyekuwa amepewa uhamisho ambao watu wa kwetu waliuita adhabu. Walituaga kwa machozi kana kwamba tunakwenda kuzikwa. Mimi nikaupenda mji huu wiki ya kwanza. Mji unaojengwa ni mji mzuri kwa fundi wa vioo. Upepo ukivunja dirisha, nilikuwa na kazi. Mbuzi dume akijiona kwenye mlango wa duka na kudhani amepata mpinzani, nilikuwa na kazi zaidi. Ekiru, ambaye nyinyi mnamjua kama msimamizi asiyecheka, nilimkuta akipakia na kupakua malori. Salamu yake ya asubuhi, "Ejok, Mama Vioo," ndiyo iliyonibatiza jina ambalo nimestaafu nalo. Wengi wenu hamjui kuwa ninaitwa Rispa.

Tangi langu la kwanza la samaki lilikuwa aibu tupu. Ilikuwa mapema mwaka wa 2012. Afisa mmoja wa serikali, mtu wa Kisumu aliyelikosa ziwa la kwao, alitaka samaki sebuleni. Nikakata vioo vitano vizuri, nikaviunganisha kwa gundi ya silikoni, nikaliacha likauke wiki nzima, nikalijaza maji karakana. Halikuvuja hata tone. Nikajisifu mapema. Tulipolipeleka kwake tuliliweka juu ya meza ya chuma iliyochomelewa hapa mjini, bila kutandika chochote katikati, na ile meza ilikuwa na nundu ndogo ya kulehemu ambayo hakuna jicho lililoiona. Siku ya tatu, familia ikiwa mezani, kioo cha chini kilipasuka. Maji yakapita chini ya makochi hadi uani, na vitoto vya tilapia vilivyoletwa kutoka Longech, kule Ziwa Turkana, vikaishia kwenye matumbo ya kuku wa afisa.

Ekiru alicheka hadi akakaa chini. "Mama Vioo, hii kuku sasa imekuwa tajiri. Inakula samaki na haijawahi ona ziwa!"

Afisa hakucheka siku hiyo. Nilimtengenezea lingine, likakalia sponji nyembamba iliyotandikwa juu ya ubao ulionyooka, na nasikia bado liko. Kwa hiyo kabla hamjauliza kioo au akriliki, ulizeni litakalia nini.

Mwaka huo huo mafuta yalipatikana upande wa Lokichar, barabara ikajaa magari ya wakandarasi, na pamoja nayo zikaja bidhaa ambazo hatukuwa tumeziona. Mkandarasi mmoja alipofunga kambi yake alituachia mabamba yaliyofunikwa karatasi pande zote mbili. Nilipobandua karatasi nilidhani nimeshika hewa. Hiyo ndiyo akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Kioo chetu ukikitazama ubavuni ni cha kijani kama chupa ya soda, lakini ile haikuwa na rangi yoyote. Uzito wake ulikuwa nusu ya kioo. Ekiru aliliangusha bamba moja kutoka juu ya lori, akafumba macho akingoja mlio, na mlio haukuja. Nikaipenda akriliki jinsi msichana anavyompenda mgeni mwenye viatu vizuri.

Tabia zake nilizijua baadaye, kama kawaida ya wageni wenye viatu vizuri. Kwanza, jua. Tuliegemeza bamba kwenye ukuta wa mabati tukaenda kula, tukarudi tukalikuta limepinda kama chapati kwenye kikaango. Pili, haikatwi kwa mstari mmoja. Unaikwaruza mara kumi, kumi na tano, kwa kisu chenye ncha ya kulabu, kisha unaivunja. Gundi yake ni nyepesi kama maji, unaiingiza kwa sindano, nayo haibandiki kingo mbili bali inaziyeyusha zikawa kitu kimoja. Hilo lilinifurahisha sana. Na tabia ya tatu, ambayo ni kukwaruzika, niliijua kwa maneno tu. Nilikuwa nimeisikia, sijaiona.

Katikati ya mwaka tukapata kazi ya madirisha katika shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mlinzi wa lango alikuwa Papa Deo, Mkongomani mrefu, mpole, aliyekimbia vita kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa akisimama nyuma yangu kimya wakati ninapolainisha kingo za vioo kwa jiwe. Siku ya pili akaniuliza, "Mama, unaweza kufanya nyumba ya samaki?"

Nikamwambia naweza, ila aniulize kwanza kuhusu kuku wa afisa. Alicheka sana, kisha akanieleza. Kwao alikuwa akizamia ziwani na wavu mdogo, akikamata samaki wadogo wa rangi rangi kwa ajili ya wafanyabiashara waliowasafirisha kwa ndege. "Samaki yangu ilienda Ulaya mbele yangu," alisema. "Mimi bado niko nangoja." Kisha sauti yake ikashuka. "Ni bibi yangu, Leonia. Akimaliza kazi ya nyumba anakaa, anatazama ukuta. Kutwa. Ninamwuliza unaona nini, anasema naona ukuta. Nataka pale penye ukuta kuwe na kitu kinatembea."

Jioni ile nilikwenda kwao. Nyumba ya matofali ya udongo na paa la mabati, imefagiwa hadi sakafu inang'aa. Nyuma ya mlango palikuwa na mabegi mawili makubwa, yamefungwa. Yalikuwa yamefungwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja, tangu walipoambiwa mara ya kwanza kuwa wanaweza kupelekwa nchi nyingine na kwamba wakae tayari. Mama Leonia alikuwa akiyapangusa vumbi kila Jumamosi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mipana. Alinikaribisha kwa ugali na lenga-lenga, ile mboga tunayoiita sisi mchicha, akaniacha nizungumze na mumewe.

"Nataka ya plastiki ngumu, ile unasema," Papa Deo aliniambia. "Siku yoyote jina yetu inaweza toka kwa ubao. Nataka tangi ya kubeba."

Sikumwambia kuwa hakuna ndege inayopakia tangi la samaki. Alikuwa anajua, au alikuwa hataki kujua, na vyote viwili ni haki ya mtu. Isitoshe, nilikuwa katika mapenzi yangu na akriliki, na barabara ya Lodwar hadi Kakuma inavunja meno, sembuse kioo. Mama Leonia aliuliza swali moja tu siku hiyo.

"Iko nzito?"

"La, mama," nikamjibu kwa majivuno ya fundi. "Ni nyepesi. Ikiwa haina maji utaibeba peke yako."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni. Nikaandika vipimo. Nilidhani nimemfurahisha.

Tangi lilifika salama. Kwenye lori lilirushwa kama mpira na halikulia. Tuliliweka ukutani pale pale, mbali na upande wa jua la mchana. Samaki walikuwa vitoto sita vya tilapia, walioletwa kutoka Longech ndani ya jerikeni, na Papa Deo aliwazoesha maji ya bomba taratibu, kikombe kwa kikombe, siku mbili nzima. Hapo ndipo nilipojua kuwa mzee yule ni fundi kunizidi. Umeme wa kuendesha pampu hakuwa nao, kwa hiyo alitumia samaki wachache, maji yenye uso mpana, majani ya mtoni, na kubadilisha maji jagi moja kwa siku. Maji machafu alimwagia lenga-lenga, ambazo zilinenepa mpaka majirani wakaulizia mbegu.

Nikamwachia maagizo. Pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa. Usitumie brashi, wala sabuni ya unga, wala kitu chochote kikavu. Nilimwambia yeye, Papa Deo, mlangoni, tukiwa tumesimama kama wakubwa wawili. Kumbukeni hilo.

Baada ya wiki tatu simu ililia. "Mama Vioo," alisema Papa Deo, na sikuweza kujua kama analia au anacheka, "samaki imeingia mawinguni."

Nilipofika nilielewa. Tangi zima, ndani na nje, lilikuwa jeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Samaki walikuwa vivuli tu. Mama Leonia alikuwa amewahamishia kwenye beseni, akalitoa tangi uani, peke yake, kama nilivyomhakikishia kuwa anaweza, akalisugua kwa mchanga na majivu. Kwao, sufuria, sahani, bilauri, kila kitu huoshwa hivyo ziwani: unachuchumaa majini, unachota mchanga, unasugua kwa mizunguko mpaka chombo kikurudishie sura yako. Mama yake alimfundisha hivyo, na vyombo vyake vyote kambini vilimeta kwa sababu hiyo. Alikuwa amelipa lile tangi heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

"Niliisugua vizuri," aliniambia. "Kadiri ninasugua, inazidi kuwa chafu. Nikasugua tena."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona macho yake, nikataka kulia. Mumewe alikuwa kazini kutwa nzima. Katika nyumba ile mkono wa kuosha ulikuwa wa Mama Leonia, na mimi, mwanamke niliyeosha vyombo tangu nina miaka sita, nilikuwa nimempa maagizo mwanamume anayelinda lango. Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu asiyezoea kuambiwa hivyo na fundi.

Sasa sikilizeni, maana hapa akriliki inalipa deni lake. Kioo kikikwaruzika sana, kiageni, hakina dawa. Akriliki inasamehe. Nililala Kakuma siku mbili kwa rafiki yangu muuguzi, na kutwa nilikaa uani na Mama Leonia tukiwa na tangi katikati yetu. Kwanza msasa mgumu kidogo na maji, halafu mwororo, halafu ulio mwororo zaidi, na mwisho dawa ya meno ya kawaida kwenye kitambaa cha pamba. Unasugua mpaka mkono unakufa ganzi. Mama Leonia mkono wake haukufa ganzi. Alisugua kama mtu anayelipa deni, na mawingu yakaanza kuondoka, kipande kwa kipande.

Siku ya pili, tukiwa tumebakiza kona moja, aliacha kusugua.

"Mama Vioo. Kama ingekuwa kioo?"

"Mchanga wako ungeacha alama kidogo. Si hivi."

"Na kioo iko nzito?"

"Nzito sana."

"Hata kama maji imetoka?"

"Hata bila maji. Watu wawili, na mmoja wao awe anaomba Mungu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Kisha akaitazama nyumba yake kupitia mlango uliokuwa wazi, akaanza kuonyesha kwa kidole, polepole, kama mwalimu mbele ya ramani.

"Tazama. Kiti ni ya plastiki. Beseni, plastiki. Kitanda inakunjwa. Mabegi, ile pale. Miaka kumi na moja kila kitu humu ndani ni ya kubeba, na hatubebi kwenda popote. Hapa hatuishi, mama. Tunashika mizigo." Akashika lile tangi langu jepesi kwa mkono mmoja, akaliinua, akalirudisha chini. "Mimi nataka kitu moja nzito. Moja tu."

Nilikumbuka swali lake la siku ya kwanza, iko nzito, na jinsi nilivyojibu haraka. Miaka yote ile nilidhani kuwa mteja akiuliza uzito anaogopa uzito.

Papa Deo aliporudi alimkuta mkewe amekwisha kuamua. Sikuwahi kuona mtu akishindwa kwa upole namna ile.

"Leonia, na siku ya kwenda?"

"Tutaiacha."

"Kitu nzuri namna hiyo?"

"Ndiyo, Deo. Kitu nzuri. Mabaya tumeacha mingi."

Akanigeukia mimi ili nimsaidie. Mimi nikainama kutafuta kofia yangu.

Tangi la kioo tulilipeleka mwanzoni mwa 2013, na sikulipeleka likiwa tangi, maana sina wazimu. Nilipeleka vioo saba vilivyokatwa ili nipate vitano. Kulikuwa na lori la magodoro linalokwenda duka moja la Kakuma, nikavisimamisha katikati ya magodoro, na Ekiru akapanda nyuma kuvishika. Mzee Barasa alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, lakini njia nzima nilisikia redio yake ikizimwa. Kila tulipoingia kwenye laga, ule mto mkavu unaokatiza barabara, Ekiru aliviimbia vile vioo wimbo wa fahali wake, wimbo ambao mwanamume wa Kiturkana humtungia fahali anayempenda. Nilimwuliza kwa nini. "Inatulia," alisema. "Ng'ombe ikiogopa unaimbia. Hii pia inatetemeka." Kimoja kilivunjika. Ekiru alisema hicho hakikuwa kinasikiliza.

Tuliunganisha ndani ya nyumba, alfajiri, kabla vumbi halijaamka, tukiwa tumetundika blanketi lililolowa mlangoni. Punje moja ya mchanga ndani ya silikoni ni njia ya maji kesho. Na silikoni iwe ile ya kawaida yenye harufu ya siki. Ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu itawaua samaki. Harufu ilijaa mtaa, jirani mmoja akapiga hodi kuuliza kama tunapika achari. Mama Leonia ndiye aliyelainisha maungio, kwa kidole kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, mvuto mmoja kutoka juu hadi chini bila kusimama. Mkono kama ule ningeupata nikiwa bado kijana, nyinyi msingekuwa na kazi. Papa Deo, bila neno, alijenga kitako cha matofali na kukipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji hadi kikanyooka kabisa. Tukatandika sponji. Tukangoja wiki nzima, kisha tukajaza.

Sitasahau alichofanya Mama Leonia baada ya hapo. Alikwenda nyuma ya mlango, akafungua begi moja. Zipu ilikuwa imeshika kutu, ikabidi Papa Deo aivute kwa koleo langu. Akatoa kitenge cha buluu, kipya, kilichokuwa kimekunjwa humo miaka yote ile, akakitundika ukutani nyuma ya tangi ili samaki wapate ziwa. Kisha akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa, akatazama. Ukuta haukuwepo tena.

Lile la akriliki walinirudishia. Nililiwazia mengi njiani kurudi, Ekiru akiwa amelipakata kama mtoto wa shangazi.

Majina yao yalitoka mwaka huo huo, miezi michache baadaye. Ndivyo ilivyo, unamngoja mgeni miaka kumi na mmoja, anapiga hodi siku umeanza kupaka nyumba rangi. Papa Deo ndiye aliyenipigia, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeokoka. Nikapanda gari siku iliyofuata. Niliogopa kwa ajili ya Mama Leonia. Nilijiambia, wewe Rispa, umemfungia mama wa watu mnyororo wa kioo mguuni.

Niliwakuta siku ya mwisho, asubuhi. Mabegi yote mawili yalikuwa uani, yamefungwa. Mama Leonia alikuwa amevaa viatu na kilemba, anamwelekeza jirani yake, mwanamke wa Burundi, jinsi ya kubadilisha maji: jagi moja, si zaidi, na kitambaa laini, mama, mchanga usiguse. Wanaume wanne walikuwa wamekuja kujitolea kuhamisha tangi, akawarudisha. "Haitoki," aliwaambia. "Wale watakuja kupewa hii nyumba, wakute samaki."

Aliyekuwa ndani ni Papa Deo. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya tangi, koti amevaa, mikono juu ya magoti. Yule aliyetaka kitu cha kubeba. Gari lilikuwa linawangoja barabarani, naye alikuwa hawezi kusimama. Kila samaki alikuwa na jina, na nilimsikia anayataja, mmoja mmoja.

Mama Leonia aliingia, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Hakumharakisha. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaanza kuomba msamaha, kwamba pengine lile jepesi lingewafaa zaidi, kwamba sikujua majina yangetoka mapema hivyo. Akanikatiza.

"Hapana, mama. Tangu tutoke kule kwetu tumehama mara nyingi, usiku, mchana, porini, mahemani. Lakini kuondoka, hapana. Utaondoka namna gani mahali ambapo hukukaa?" Akamtazama mumewe, kichwa kile cheupe kilichoinama. "Leo tunaondoka. Ona, inauma. Nilitaka hiyo."

Papa Deo akasimama. Akapangusa kioo kwa mkono wa koti lake, mara moja, akatoka.

Kwa hiyo vijana wangu, kuhusu mteja wenu. Mwulizeni tangi litakalia nini. Mwulizeni jua la mchana linaingilia dirisha gani. Mwulizeni nani ataliosha, na maagizo mpeni huyo, si yule aliyekuja dukani. Mwisho mwulizeni kama ni mtu wa kuhamahama au wa kukaa, na akiwauliza uzito, msimjibu haraka. Mwulizeni anataka liwe na uzito gani.

Kalamu ya kukatia ya Mzee Barasa, aliyoniachia mimi, nimemwachia Ekiru. Tangi la akriliki liko hapa nyumbani kwangu, mbele ya kile kiti. Mume wangu huniuliza kwa nini sijaimalizia ile kona ya chini, tuliyoiacha bila kusuguliwa siku Mama Leonia aliponiuliza uzito wa kioo. Dawa ya meno ninayo, na muda sasa ninao tele. Ukiinama vizuri utaona mizunguko ya mkono wake, mmoja ndani ya mwingine. Samaki akipita pale huingia mawinguni, nami hungoja mpaka atoke upande wa pili.